Nani Ana Zamu ya Kusema? Redio za Michezo New York, London, São Paulo na Dar es Salaam

Saa tisa alasiri ya Julai 1, 1987, kituo cha WHN cha New York kiliwaaga wapenzi wa muziki wa kantri kikaanza kuitwa WFAN. Sauti ya kwanza ya moja kwa moja kusikika ilikuwa ya Suzyn Waldman, mwanamke aliyetokea kwenye majukwaa ya Broadway, akisoma habari za michezo. Kuanzia hapo mazungumzo ya michezo yalitawala masafa yale usiku na mchana, jambo ambalo Marekani haikuwa imelizoea. Wengi waliona ni wazimu: nani atasikiliza watu wakibishana kuhusu besiboli saa nane za usiku?

São Paulo haikuwa na haja ya kushangaa. Rádio Panamericana ilianzishwa huko mwaka 1944 na watu wa tamthilia, akiwemo mwandishi Oduvaldo Vianna, waliotarajia kuishi kwa michezo ya kuigiza ya redio. Haikuchukua muda ikaangukia mikononi mwa Paulo Machado de Carvalho, na kabla ya muongo huo kwisha ikawa inajitambulisha kuwa kituo cha michezo. New York iliacha nyimbo, São Paulo iliacha maigizo. Miji yote miwili, hata hivyo, iliweka kamari yake juu ya jambo lilelile: kwamba mechi haiishi filimbi ya mwisho inapopulizwa.

Tofauti inaanzia kwa anayepewa kipaza sauti. Brazili, mwenye enzi ni mtangazaji wa mpira. Nicolau Tuma, aliyetangaza mechi nzima mjini São Paulo mwaka 1931, alikuwa na kasi iliyomfanya alinganishwe na bombomu, na waliomfuata waliurefusha ukelele wa goli hadi ukawa sanaa ya kujitegemea. Msikilizaji huko ni hadhira: huja kusikia ufundi wa mtu mwingine. New York, mwenye enzi ni anayepiga simu. Mike Francesa na Chris Russo, waliounganishwa kwenye kipindi kimoja cha WFAN mwaka 1989 na kudumu pamoja hadi 2008, walikuwa mahodari wa kubishana, lakini umaarufu wao ulitegemea watu waliosubiri kwenye foleni ya simu wakiwa kwenye magari na jikoni, kila mmoja akitambulishwa kwa jina lake na mtaa wake. Huyo si hadhira tena, ni mshiriki, na akikatiwa simu kwa ukali, hilo nalo ni sehemu ya burudani.

Uingereza inaleta mhusika wa tatu: sheria. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990 ilitaka mojawapo ya vituo vitatu vya kibiashara vya taifa kiwe cha mazungumzo. Ndivyo Talk Radio ilivyozaliwa mwaka 1995, na ndiyo maana Kelvin MacKenzie, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la The Sun, alipoigeuza kuwa TalkSport mwezi Januari 2000, aliweza kubadilisha mada bila kuacha mazungumzo. Marekani ilikuwa imechagua njia nyingine. Wasikilizaji wa WNCN, kituo cha muziki wa klasiki cha New York, walijiundia chama kuupigania muziki wao, lakini mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mamlaka ya mawasiliano ina haki ya kuliachia soko suala la kituo kipige nini. Miaka sita baadaye, wapenzi wa kantri wa WHN hawakuwa na mlango wa kubisha.

London pia ilionyesha kwamba haki ya kuzungumzia mpira na haki ya kuutangaza ni vitu viwili. Kwenye mashindano ya Euro 2000 TalkSport haikuwa na kibali cha kutangaza kutoka uwanjani, hivyo watangazaji wake wakakaa hotelini mbele ya runinga na kutangaza walichokiona. BBC, iliyokuwa na haki rasmi, ikaenda mahakamani. Kisa hicho kinachekesha, lakini kinatufunza kitu kuhusu aina hii ya redio: maoni hayana hakimiliki. Kituo kisichoweza kununua mechi bado kinaweza kuuza ubishi wake.

Dar es Salaam imeujua ubishi huo kwa muda mrefu. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, mtani wake Simba mwaka mmoja baadaye, na vijiwe vya Kariakoo vilikuwa vikichambua mechi kabla hajazaliwa mtu wa kuitwa mchambuzi. Enzi ambapo Radio Tanzania ilikuwa peke yake hewani, utaratibu ulifanana na wa Brazili: sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary zilichora uwanja, nchi ikatulia kusikiliza. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, kijiwe kikaingia studio. Lakini hakikuja kumfukuza mwenyeji. Sports Xtra ya Clouds FM, Sports HQ ya EFM na Sports Arena ya Wasafi FM ni vipindi ndani ya vituo vya muziki na burudani. Saa za michezo zikiisha, Bongo Fleva au singeli inarudi.

Dar ina pia mhusika ambaye sehemu nyingine hana mwenzake wa karibu: msemaji wa klabu. Haji Manara alipotoka Simba na kwenda Yanga mwaka 2021, gumzo lake lilishindana na lile la usajili wa mshambuliaji. Msemaji hutamba, humchokoza mtani, naye hujibiwa kesho yake na msemaji wa upande wa pili, kwa mtindo ambao msomaji wa malumbano ya kishairi magazetini ataufahamu mara moja. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja; studio za Dar zinaishi kwa kuwaweka humo kila siku.

Kwa nini basi New York ilihitaji kituo kizima na Dar ikatosheka na saa chache? Sababu moja ni kalenda. Mmarekani ana besiboli majira ya joto, futiboli yake vuli, kikapu na magongo ya barafu baridi inapoingia. Hakuna mwezi mtupu. WHN ilikuwa tayari na haki za kutangaza mechi za Mets, mabingwa wa besiboli wa 1986. Sababu nyingine ni masafa: muziki ulikuwa ukihamia FM, na AM ikabaki na kitu kisichohitaji usafi wa sauti, yaani mazungumzo. Tanzania, redio binafsi ziliposhamiri, zilishamiri kwenye FM, muziki na maneno pamoja. Msimu wa ligi ukifungwa, pengo hujazwa na tetesi za usajili.

Hata hivyo WFAN yenyewe haikuwa ya michezo mitupu kama jina lake linavyodai. Ilipohamia masafa ya 660 mwezi Oktoba 1988, ilimrithi mtangazaji Don Imus kutoka kituo cha WNBC, na asubuhi zake zilijaa mzaha na siasa. Fedha zilizoletwa na kipindi hicho ziliwapa wabishi wa mchana nafasi ya kupumua. Kwa hiyo New York na Dar zinakaribiana kuliko zinavyoonekana: katika miji yote miwili michezo ilihitaji jirani wa kuibeba.

Zinakaribiana pia katika udhaifu. Redio ya michezo huahidi michezo, kisha hukaa na miwili mitatu yenye kelele. Mtanzania anayefuatilia netiboli, ngumi au riadha, katika nchi ya mwanariadha Filbert Bayi, anajua jinsi dakika zake zinavyokuwa chache; shabiki wa kriketi anayesikiliza TalkSport naye anajua kuwa mpira wa miguu ndio unaotawala. Kituo kikitangaza kuwa kinahamia michezo, maswali ya haki ni mawili: nani ananyang'anywa masafa, na nani kati ya wanamichezo wenyewe ataachwa nje? Soko la New York halikumuuliza mpenzi wa kantri. Sheria ya London ililinda mazungumzo, haikuchagua mada. Njia ya Dar, ya kugawana saa, inamwachia kila mtu zamu yake. Kilichobaki ni kuigawa zamu ya michezo nayo kwa usawa zaidi.