Aliyeficha Maradhi, au Asiyeulizwa?

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa kifua kikuu au malaria methali hiyo haina ubishi. Lakini kwa sonona, yaani ile huzuni nzito inayomkalia mtu wiki baada ya wiki hata akakosa usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kazi, historia inasema vingine. Mara nyingi mgonjwa hakuficha, hakuulizwa.

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1980 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika vituo vya kawaida vya afya vya Sudan, India, Ufilipino na Colombia. Walichunguzwa wagonjwa 1,624. Takriban 14 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya akili, na wengi wao walikuja wakilalamikia kichwa, tumbo, kikohozi au uchovu. Wahudumu waliwatambua theluthi moja tu. Theluthi mbili walipita mbele ya meza ya mganga wakaondoka na siri yao.

Tangu hapo maswali mafupi yakaongezeka. Mwaka 1987, Scotland ilitoa maswali 10 ya kuwauliza akina mama waliojifungua. Mwaka 2002, huko Marekani, jopo la wataalamu wa kinga ya maradhi lilipendekeza watu wazima waulizwe kuhusu sonona wanapokwenda kwa daktari. Hata hivyo liliweka sharti: iwe ni pale tu ambapo anayegundulika atapimwa vizuri, atatibiwa na kufuatiliwa.

Sharti hilo ndilo kiini cha mambo. Ikiwa nchi tajiri ililiona kuwa la lazima, je, maskini afanyeje?

Jibu moja lilitoka Harare, Zimbabwe. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwasikiliza wagonjwa wenyewe, wakakutana na neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema, "Fulani ana mawazo." Kutokana na lugha hiyo ya watu yalipatikana maswali 14, yaliyochapishwa mwaka 1997.

Maswali yakawapo, lakini nani angemshika mkono aliyejibu ndiyo? Mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi katika kitongoji cha Mbare bila chumba wala wauguzi. Alikuwa na bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani. Mabenchi yakawekwa nje, na bibi akakaa na mgonjwa, wakachambua matatizo yake, wakachagua moja la kuanza nalo. Mwaka 2016 yakatolewa matokeo ya wagonjwa 573 kutoka zahanati 24 za Harare: baada ya miezi sita, waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapa kwetu, wengi wakisikia maradhi ya akili huwaza Mirembe, Dodoma. Lakini mwenye sonona mara nyingi hayuko Mirembe. Yuko kwenye foleni ya zahanati, kadi mkononi, akisema kichwa kinamuuma. Kumpima presha ni vyema. Kumuuliza usingizi na moyo wake ni vyema zaidi. Ila tusimfungue kidonda halafu tukaita, "Anayefuata!" Anayeuliza awe amekwisha kuandaa pa kumkalisha anayejibu.