Enanga na Santuri: Utendi Mrefu wa Wahaya na Kampuni Ndogo za Muziki

Katika nchi ya Wahaya, ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi mkoani Kagera, utendi haukuandikwa kwa hati za Kiarabu kama ulivyoandikwa Pate na Lamu. Uliimbwa, nao uliimbwa kwa enanga. Chombo hicho huchongwa kutokana na kipande kimoja cha mti, mfano wa sinia refu lenye kina kidogo. Uzi mmoja hupitishwa kutoka ncha moja hata ya pili, huku na huku, mpaka zikawa nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akazigusa nyuzi zake, na akaimba habari za wafalme, mashujaa na mizimu, akiwamo Mugasha mwenye ziwa na dhoruba zake. Utendi wa namna hiyo haukuwa na haraka. Uliweza kuchukua muda wa saa nzima au zaidi, kwa kuwa mwimbaji aliurefusha au kuufupisha kwa kadiri ya wasikilizaji waliomzunguka na rubisi iliyokuwa mbele yao.

Swali linalostahili kuulizwa na wanafunzi wa historia ni hili: ilikuwaje utendi huu usipate kampuni ya kuutoa katika santuri, hali nyimbo za taarabu za Unguja na nyimbo za gitaa za Nairobi zilipata? Wengi watajibu kwamba Bukoba ilikuwa mbali, au kwamba watu wake hawakuwa na fedha. Majibu hayo hayatoshi. Bukoba ilikuwa na bandari na meli, na ilikuwa na kahawa. Mwaka 1950 wakulima wake waliunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba ili kuuza buni yao wenyewe. Nchi iliyoweza kupeleka kahawa yake ng'ambo isingeshindwa kuagiza sanduku la santuri. Sababu yapasa kutafutwa mahali pengine, yaani katika desturi za biashara ya santuri yenyewe.

Kabla ya kuieleza biashara hiyo, ni vema kukumbuka kwamba utendi wa enanga haukuwa yatima. Ulikuwa na nyumba yake, nayo ni ikulu ya mfalme. Katika Kihanja, Ihangiro, Kiziba, Kyamutwara na falme nyingine za Uhaya, mfalme alikuwa na wapiga enanga wake. Ikulu ilifanya kazi tatu. Kwanza, ilimlipa mwimbaji kwa ng'ombe, kwa nguo, au kwa shamba la migomba. Pili, ilimkusanyia wasikilizaji. Tatu, iliutunza utendi, kwa maana wazee waliokaa barazani waliijua hadithi, na mwimbaji aliyekosea nasaba ya mfalme hakuachwa aendelee na kosa lake. Kulipa, kueneza na kutunza ndizo kazi zilezile tatu za kampuni ya santuri popote ilipo. Ikulu hizo zilipunguzwa nguvu na Wajerumani, kisha na Waingereza, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utawala wa machifu. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake za haki, kwa kuwa unyonge wa mkulima chini ya watemi na wafalme haukuwa jambo la kujivunia. Walakini mpiga enanga alibaki bila mlipaji wake wa zamani, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Sasa tazama upande wa santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, kipimo cha santuri kilikuwa dakika tatu na kidogo kwa kila upande. Kipimo hicho hakikutoka kwa waimbaji. Kilitokana na ukubwa wa sahani na mwendo wake wa mizunguko 78 kwa dakika. Wimbo wa taarabu uliweza kukatwa katika beti chache ukabaki wimbo. Wimbo wa gitaa ulitungwa kwa kipimo hicho tangu mwanzo. Lakini utendi wa enanga ukikatwa dakika tatu hubaki mlango tu: mwimbaji amekwisha salimu, amekwisha taja jina la shujaa, na santuri imekwisha.

Kipimo cha pili kilikuwa cha fedha. Ili santuri ipatikane, sauti ilichorwa kwanza juu ya sahani laini, kisha ukatengenezwa muhuri wa chuma, na kwa muhuri huo zikapigwa chapa santuri za kuuza. Gharama ya studio na ya muhuri ilikuwa ileile, zikitolewa santuri mia moja au elfu kumi. Kwa hiyo kila mfanyabiashara alitafuta wimbo utakaonunuliwa na wengi. Wimbo wa Kiswahili ulikuwa na wanunuzi tangu Mombasa hata Kongo ya mashariki, na wimbo wa Kihaya ulikuwa na wanunuzi upande mmoja tu wa ziwa. Baadhi ya wenye maduka walithubutu. Ukoo wa Assanand wa Mombasa, kwa chapa yao ya Mzuri, ulitoa taarabu ya pwani, na ukoo wa Chandarana wa Kericho ulitoa nyimbo za lugha za bara ya Kenya. Hawa walikuwa wenye kampuni ndogo kweli: duka mbele, studio nyuma, na mwenye duka akiwajua wanunuzi wake kwa sura. Nao pia waliuza nyimbo fupi.

Mtu aliyekuja Uhaya na mtambo bila kutafuta faida ya sokoni alikuwa Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akalelewa kikazi huko Rhodesia ya Kusini, na kazi yake ya kukusanya muziki ilipata msaada wa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda akinasa sauti, na Wahaya walikuwa miongoni mwa watu aliowarekodi. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na kutokana na kanda zake ukatolewa mfululizo wa santuri zaidi ya 200 kwa ajili ya vyuo na maktaba. Bila ya safari zile, sauti nyingi za mwaka 1950 zisingesikika tena. Shukrani hiyo ni haki yake. Lakini ni haki pia kusema kwamba kanda zilikwenda kusini na kukaa huko, na kwamba wakati ule mwimbaji hakuwa na sheria ya kimataifa ya kumlinda. Mkataba wa Roma, uliowapa waimbaji na wapigaji haki juu ya sauti zao zilizonaswa, ulitiwa sahihi mwaka 1961.

Jambo la urefu wa wimbo si la Wahaya peke yao, na mfano wa Ulaya wafaa kuonyesha nguvu ya kampuni ndogo. Santuri ya mwendo mrefu, yenye nafasi ya dakika ishirini na zaidi kila upande, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Baada ya miaka ishirini hivi, vijana wa Uingereza waliokuwa wakipiga muziki wa roki walianza kutunga nyimbo za kuijaza: Pink Floyd walitoa wimbo wa dakika 23 mwaka 1971, ukichukua upande mzima. Muziki huo, ulioitwa roki ya kimaendeleo, ulichanganya roki, muziki wa Kizungu wa kale, jazi na mengineyo. Mike Oldfield, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini, alitunga kazi moja yenye kujaza pande zote mbili. Kampuni alizozipelekea hazikuitaka, maana haikuwa na kipande cha kupigwa redioni. Iliyoipokea ni Virgin, kampuni changa ambayo hata haikuwa imetoa santuri yoyote. Mwezi wa Mei 1973 ikaitoa kazi hiyo, Tubular Bells, iwe santuri yake ya kwanza, nayo ikauzwa mno.

Katika kisa hicho kuna funzo kwa mwanahistoria wa Bukoba. Kampuni ndogo si kampuni kubwa iliyokosa mtaji. Kazi yake hasa ni kuipokea kazi isiyoenea katika kipimo cha soko, na kumvumilia mtungaji mpaka wasikilizaji wapatikane. Santuri ndefu ilipofika Afrika Mashariki, utendi wa enanga ungeweza kuingia ndani yake angalau kwa sehemu kubwa. Chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa Bukoba au wa Muleba, mwenye duka na mwenye moyo, wa kuthubutu kama walivyothubutu wale wa Mombasa na Kericho.

Baada ya uhuru nafasi hiyo ilizidi kuwa finyu. Rekodi nyingi za muziki nchini zilifanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na santuri za wanamuziki wa Tanzania zilipigwa chapa Kenya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa Februari 1977, njia hiyo nayo ilikatika, na haikufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo Kagera iliingiliwa na majeshi ya Idi Amin, Oktoba 1978, na vita vikaendelea hata mwaka 1979. Hata vijana wa Dar es Salaam waliopiga roki hawakupona na udhaifu huu. Bendi ya Sunburst, iliyochanganya roki na ngoma za Kiafrika, ilitoa albamu yake Ave Africa mwaka 1976, na kazi zake zote zilikusanywa na kutolewa upya miaka arobaini baadaye, 2016, na kampuni ya Strut ya London.

Hasara ya kukosa rekodi ndefu haikuwa ya burudani tu, bali ya elimu. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi mrefu wa kishujaa ulikuwapo barani kwa wingi. Mwanachuoni aliyetaka kumjibu kwa mfano wa Uhaya asingeweza kumwonyesha santuri ya dakika tatu. Ilimlazimu Mugyabuso Mulokozi, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyeji wa Kagera, kuwaendea wapiga enanga wenyewe, kuwarekodi, na kuyaandika maneno yao. Makala yake ya 1983 na tasnifu yake ya udaktari ya 1986 zilionyesha kwamba waimbaji hao ni watunzi wa tendi kwa kila kigezo cha maana. Kazi hiyo ilifanywa na chuo kwa sababu hakuna duka lililoifanya. Ilifaa sana, ila kitabu hakitoi sauti.

Sauti zilirudi kwa njia nyingine. Huko Utrecht, Uholanzi, mpiga ngoma Michael Baird, aliyezaliwa Zambia, alikuwa na kampuni yake ndogo, SWP. Tangu mwaka 1998 kampuni hiyo ilianza kuzitoa upya rekodi za Tracey katika sidii, na kati yake zimo zile za Tanganyika ya 1950. Kampuni kubwa hazikuona faida humo. Mwanamuziki mmoja aliiona. Na Kampala, ng'ambo ya mpaka, Nyege Nyege Tapes ilitoa mwaka 2017 singeli ya Dar es Salaam, muziki uliokuwa ukipuuzwa na wengi.

Kwamba lugha ya Kihaya yenyewe haikuwa kizuizi, kulithibitishwa na Saida Karoli wa Bukoba. Mwaka 2001 nyimbo zake, nyingi zikiwa za Kihaya, zilipigwa nchi nzima na watu wasiojua neno la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga wimbo wao Salome juu ya ule wa Maria Salome. Lakini nyimbo za Saida ni fupi. Zilipita kwenye mlango ambao utendi haukuweza kuupita.

Leo mlango huo umepanuka. Kompyuta haijali kama wimbo ni wa dakika tatu au wa saa tatu, wala haidai muhuri wa chuma. Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 inamtambua mwimbaji na pia inalinda sanaa za jadi, na Chama cha Hakimiliki kilianza kazi mwaka 2001. Kwa hiyo vizuizi viwili vya zamani, kipimo na gharama, vimeondoka. Kilichobaki ni kile ambacho ikulu ilikifanya kwa kumbukumbu za wazee: kujua ni nani aliyeimba, wa kijiji gani, aliimba kwa ruhusa gani, na nani alipwe. Utendi wa Mugasha ni wa Wahaya wote, lakini namna alivyouimba mzee fulani usiku fulani ni yake mwenyewe na ya warithi wake. Aliyeokoa sauti anastahili heshima, ila kuokoa si kumiliki.

Wapiga enanga wamekuwa wachache, na kila mmoja anapokufa hufa na tendi zake. Kampuni ndogo itakayoanzishwa Bukoba au Muleba haitahitaji mtambo mkubwa. Itahitaji subira ya kumsikiliza mzee mpaka mwisho wa utendi, na daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hayo ndiyo yaliyowapata wengi wa walioimba kabla ya hapa.