Gumegume, Mdeki na Kifa: Maneno Yaliyosalia Ndani ya Gobori

Gobori la kale likifikishwa kiwandani, fundi huitazama kutu kwanza. Mwanalugha huuliza majina. Banda la nyuma ya nyumba lenye fuawe, koleo, tupa na mvukuto ni kamusi pia, maana kila kiungo kinachofunguliwa humo kina jina lake, na jina hilo limesafiri. Makala haya yanaifuata safari hiyo hadi Ikinga, kata ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, wilaya ambayo Mto Songwe unaitenga na Malawi.

Tuanze na viungo. Gobori hupakiwa kupitia mdomo. Baruti hutiwa ndani ya kasiba, ambayo leo twaiita mtutu. Asili yake ni neno la Kiarabu la mwanzi. Risasi hufuata, nalo ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya kasiba. Ubavuni pana kifa, mahali pa kupokelea moto. Mtambo ukifyatuka, gumegume, yaani jiwe la kutolea cheche, hugonga chuma, na moto hupenya kifani. Kipimo cha baruti kiliitwa kiasi. Ndiyo sababu zilipokuja bunduki zenye baruti na risasi katika ganda moja, wazee waliziita bunduki za viasi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imeyahifadhi maneno hayo. Midomo yetu imeyaachia mengi.

Silaha hizi zilifikaje bara? Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaliacha gumegume yakashika fataki, kisha bunduki za viasi. Bunduki zao kuukuu zikatafutiwa wanunuzi ng'ambo, na Unguja ikawa soko kubwa la pwani yetu. Misafara ya pembe na watumwa ikazipeleka hadi kwenye maziwa makuu. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, karibu na Karonga, mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema alijenga ngome. Tangu mwaka 1887 akapigana na Wangonde na Kampuni ya African Lakes, hadi Waingereza walipomshinda na kumnyonga mwaka 1895. Kwa watu wa pande hizo, maneno baruti na risasi yaliingia pamoja na kilio cha waliotekwa. Atakayeyaimba leo ayaimbe akilijua hilo.

Kisha zikaja siku mbili za Julai 1890. Tarehe 1, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioufanya Mto Songwe kuwa sehemu ya mpaka. Upande wa Ileje ukahesabiwa wa Wajerumani. Tarehe 2, huko Brussels, mataifa yalitia saini mapatano dhidi ya biashara ya watumwa, yaliyobana pia uingizaji wa silaha katika Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini. Bunduki za kisasa zilizuiwa zisimfikie Mwafrika wa kawaida. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango kwa masharti. Kwa hiyo silaha ambayo Ulaya ilikuwa imeitupa iliendelea kuishi kwetu, na sheria ilikuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipowaka, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na magobori tu mbele ya bombomu za Wajerumani.

Hapo ndipo ukarabati unapokuwa kazi ya historia. Fundi asiyejua hulisugua gobori kwa msasa hadi ling'ae, na pamoja na kutu akaifuta chapa ya taji au neno TOWER, alama zionekanazo kwenye bunduki nyingi za Kiingereza za zama hizo. Fundi ajuaye hutumia mafuta, kitambaa na subira. Huizuia kutu isiendelee kula, na mbao huiacha na makovu yake. Wala halifanyi lifyatue tena: kasiba iliyoliwa na kutu yaweza kumpasukia mpigaji usoni. Isitoshe, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kila mwenye tupa kufanya kazi hii. Aliyerithi gobori lisilo na kibali anapaswa kulipeleka polisi, hata kama ndiyo kumbukumbu pekee ya babu yake.

Basi silaha isalimishwe. Majina yake hayana haja ya kusalimishwa. Kabla gobori halijatoka nyumbani, mzee na aulizwe: hiki mlikiitaje? Jibu liandikwe, kwa Kiswahili na kwa Kindali. Leo mtaani gumegume ni tusi la mwanamume asiyefaa kitu, na anayelitamka haoni jiwe wala cheche. Mshairi akilipata neno hilo likiwa na maana zake zote mbili mkononi, ana kitu cha kutungia: jiwe dogo lililowasha moto mkubwa, kisha likasahauliwa likabaki jina la mzembe.