Ujumbe wa hitilafu: Kwa nini kompyuta husema umekosea bila kusema wapi

Dereva anayetoka Iringa kwenda Njombe hana budi kuiacha barabara kuu ya Mbeya katika mji wa Makambako na kuingia ile iendayo Songea. Akiipita njia panda hiyo bila kujua, gari halizimiki. Huendelea na safari kwa amani hadi Igawa, ndipo hubaini kwamba amepotea. Kosa limetendeka Makambako, lakini limeonekana Igawa.

Hivyo ndivyo yalivyo makosa mengi ya msimbo, yaani maagizo ambayo mwandishi wa programu huyaandika ili kompyuta iyatekeleze. Programu inaposhindwa kuendelea, hutoa maneno kwenye skrini yaitwayo ujumbe wa hitilafu. Maneno hayo huonyesha mahali kompyuta ilipokwama, ambapo mara nyingi si mahali mwandishi alipokosea.

Tofauti hiyo ina gharama. Kijana wa Njombe au Makambako anayejifunza kwa kompyuta ya kuazima na kifurushi cha intaneti cha siku moja, anaweza kuumaliza muda wake wote akiukodolea macho mstari usio na kosa lolote. Wapo wanaokata tamaa na kuamini kuwa hawana akili ya fani hii, ilhali tatizo ni ujumbe waliopewa.

Alama moja ya kuuliza

Kero hii ni ya zamani. Mwaka 1969, Ken Thompson wa maabara za Bell nchini Marekani aliandika programu ya kuhariri maandishi iitwayo ed. Mtumiaji alipokosea, kosa la aina yoyote lile, programu hiyo ilimjibu kwa alama moja tu ya kuuliza. Wakati huo majibu yalichapwa kwenye karatasi kwa mashine za polepole, na kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo, hivyo ufupi ulikuwa na faida. Kompyuta zimekua, lakini desturi ya kujibu kwa mkato haikutoweka.

Aina za ujumbe usiosaidia

Aina ya kwanza ni ujumbe unaoelekeza pasipo. Tuchukue mfano wa programu ya kuhesabu magunia ya viazi mviringo iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Mwandishi amefungua mabano katika mstari wa 40 akasahau kuyafunga. Kwa miaka mingi, Python ilikuwa ikilalamikia mstari wa 41 kwa maneno "invalid syntax", yaani sarufi si sahihi. Mwanafunzi angeusoma mstari wa 41 mara kumi asione kasoro, kwa kuwa haikuwemo.

Aina ya pili ni ujumbe usiotaja mahali kabisa. Watumiaji wa lugha ya C wanayafahamu maneno "segmentation fault". Maana yake ni kwamba programu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, nayo ikasimamishwa. Ni faili gani, au mstari wa ngapi, ujumbe hausemi.

Aina ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko zote, ni ukimya. Mwandishi huamuru programu yake ipuuze hitilafu ili mteja asisumbuliwe. Bei iliyoachwa wazi huhesabiwa kuwa sifuri, na mwisho wa mwezi hesabu za duka la mbao hazilingani na fedha zilizomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kikwazo cha lugha

Kwa msomaji wa Kiswahili, mzigo ni maradufu: aelewe Kiingereza kwanza, kisha aelewe kosa. Juhudi za kuisemesha kompyuta Kiswahili zimekuwepo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, zana wanazotumia waandishi wa programu bado huzungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Zipo dalili za nafuu. Toleo la Python 3.10, lililotoka Oktoba 2021, lilianza kutaja kwamba mabano hayakufungwa na kuonyesha mahali yalipofunguliwa. Mwanafunzi wa viazi mviringo sasa anarudishwa mstari wa 40.

Nini kifanyike

Wataalamu hushauri kuusoma ujumbe wote kabla ya kubadili chochote. Hitilafu zikijitokeza nyingi kwa pamoja wakati msimbo unapotafsiriwa, rekebisha ya kwanza kisha ujaribu tena, kwani nyingine huwa zimezaliwa na hiyo. Mstari uliotajwa ukiwa salama, kagua ulio juu yake.

Ujumbe usipotaja mahali, iamuru programu ichapishe thamani ilizonazo ikifika katikati ya kazi. Zikiwa sahihi, kosa liko mbele. Zikiwa si sahihi, liko nyuma. Endelea kugawa nusu kwa nusu hadi ulifikie. Aidha, kuuliza si ujinga, ila unapomuuliza mwenzako, mnakilie ujumbe neno kwa neno. Kusema "imegoma" hakumsaidii.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa anayeandika programu itakayotumiwa na wengine. Ujumbe mzuri husema nini kimetokea, wapi, na mtumiaji afanye nini. Maneno "Bei ya gunia katika mstari wa 12 haijajazwa, andika tarakimu kisha ujaribu tena" huandikwa kwa dakika moja, na humwokoa karani wa Makambako na siku nzima ya kuhangaika. Hayo hayahitaji kusubiri mtu wa mbali ayatafsiri. Kijana wa Njombe anayeandika programu leo anaweza kuyaandika kwa Kiswahili tangu mwanzo.