Lenzi Pana Katika Nchi ya Tembe

Vijana wanaokuja kwangu hapa Majengo, Dodoma, kuuliza wanunue lenzi gani pana huwa na sababu moja: uwanda. Wamepanda kilima cha Mlimwa, wameiona nchi ilivyojilaza hadi upande wa Bahi, wameipiga kwa simu na picha haikuwaridhisha. Wanaamini lenzi pana itaubeba upeo wote ule. Mimi huwaambia kwamba nchi hii imetazamwa kupitia kioo kwa zaidi ya karne moja, na kwamba katika muda wote huo uwanda haukuhitaji lenzi pana. Iliyoihitaji ni nyumba.

Mwaka 1860 James Augustus Grant aliteremka Unguja pamoja na John Hanning Speke, akiwa na kamera na dawa zake. Alipiga picha kisiwani. Walipoanza safari ya bara kazi ikawa mateso, kwa sababu enzi hizo kioo kilipakwa dawa, kikapigwa na kusafishwa kingali kibichi, ndani ya kihema kisichopenyeza mwanga. Speke aliandika kwamba joto la kihema kile lingemuua mwenzake kama asingemzuia. Grant akageukia kuchora. Kwa hiyo msafara ulipoingia Ugogo, nchi yetu hii, ukalipa hongo ya njia kwa watemi na kuhangaikia maji kama misafara yote, kumbukumbu iliyobaki ni ya mkono na rangi.

Picha zenyewe ziliongezeka na reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914, na wapiga picha wa Kijerumani wakaanza kufika bara bila kubebesha wapagazi mizigo. Anayejulikana zaidi ni Walther Dobbertin, ambaye picha zake leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Katika picha za enzi hiyo nilizopata kuziona, watu wetu wamepangwa nje juani, na nyumba iko nyuma yao kama ukuta mrefu wenye kimo kifupi. Sijakutana na picha iliyopigwa ndani.

Si kwamba lenzi pana hazikuwepo. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilikuwa imekwisha kutoa Hypergon, yenye kuona nyuzi zipatazo 135. Lakini tundu lake lilikuwa dogo, f/22, na mwanga wake ulikuwa mkali katikati na hafifu pembeni, hata ikabidi iwekewe kinyota cha chuma kilichozungushwa kwa pumzi ya pampu mbele ya kioo ili kupunguza ule wa katikati. Ilikuwa kazi ya ustadi wa ajabu, nami naiheshimu sana. Ila ingiza chombo kama hicho ndani ya tembe, uone utasubiri muda gani hadi picha ishike.

Asiyeijua tembe ya Mgogo nimweleze. Paa ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo, na ni la chini, mtu mrefu huinama. Vyumba vimefuatana kuuzunguka uwanja wa katikati, na ng'ombe hulala humo humo katikati ya familia. Ndani mwanga huingia kwa mlango tu. Kuna jiko, kuna ngozi, kuna vilindo vya uwele na mtama, kuna mawe ya kusagia, na kutoka ukuta huu hadi ule ni hatua chache. Kwa lenzi ya kawaida unapata kilindo kimoja au uso mmoja. Ukitaka kuonyesha jinsi jiko, kitanda na ghala vilivyokaa katika chumba kimoja cha maisha, huna pa kurudi nyuma. Mgongo wako tayari uko ukutani.

Na tembe zilikuwa zinaondoka. Katika Operesheni Dodoma, mwaka 1971, kaya nyingi zilihamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kushiriki kufyatua matofali. Nyumba zikapangwa kwa mistari, kila moja peke yake. Sisemi hapa kama lilikuwa jema au baya. Ninachosema ni kwamba ule ndio wakati ambao mtu mwenye lenzi pana alihitajika kuliko wakati mwingine wowote, na mafundi picha wetu hawakuwa nayo.

Baba mdogo wangu alikuwa na studio karibu na stesheni. Kamera yake ilikuwa Yashica ya macho mawili, lenzi milimita 80 isiyotoka, mkanda wa picha kumi na mbili. Nyuma ya mteja palikuwa na pazia lililochorwa bahari, hapa Dodoma. Kwa kazi ile lenzi hiyo ilikuwa sahihi kabisa: mteja alilipia uso wake na viatu vyake, na ukimsogelea kwa lenzi pana pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Hata mimi niliporithi Zenit ya Kisovieti, lenzi yake ilikuwa Helios ya milimita 58. Kamera zenye kioo cha ndani zilikuwa na shida yao: kioo kile kinahitaji nafasi ya kuinuka, na lenzi fupi hukaa nyuma mno ikakigonga. Pierre Angénieux wa Paris aliitatua mwaka 1950 kwa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus. Nje ilienea. Kwetu, fundi wa picha za pasipoti angeinunua ya nini?

Kaskazini, ukishapita Kondoa mjini, kuna somo jingine. Mary Leakey alipokwenda kwenye michoro ya miambani ya Kolo mwaka 1951 aliinakili kwa mkono, na kazi hiyo ikachapishwa kitabu mwaka 1983. Ukisimama mbele ya watu wale wembamba wekundu utaelewa. Mwamba umepinda, na ukiukaribia kwa lenzi pana mtu wa pembeni hurefushwa zaidi ya alivyochorwa. Pale tumia pana kuonyesha pango lote na bonde lililo mbele yake, kisha badilisha, upige mchoro kwa lenzi ya kawaida, kamera ikiwa sambamba na mwamba. Na usimwagie maji ili rangi iwake. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na maji huuharibu.

Basi, mdogo wangu, kama kamera yako ni ya sensa ndogo na imekuja na lenzi ya 18 hadi 55, ile 18 ni sawa na 27 au 29 katika kamera ya filimu. Tayari ni pana. Isukume hadi hapo, uitumie kwenye mnada wa ng'ombe na ndani ya daladala. Ukigundua kwamba bado mgongo uko ukutani, hapo tafuta ya kuanzia 10 au 12. Uwandani utavunjika moyo: kilima kinachokujaza macho kitakuwa kichuguu, na kichujio cha kupunguza mng'ao kitakupa anga yenye baka jeusi upande mmoja. Kwa kilima chukua 50, au ndefu zaidi.

Tembe bado zipo, chache, huko Chamwino na Bahi. Watu wanaishi humo. Nenda ukiwa na lenzi yako, utoe kwanza mbukwa, salamu ya Kigogo, ukae, uombe ruhusa ya mama mwenye jiko kabla ya kufungua begi. Simama kwenye kona, kamera usawa wa kifua ili kuta zisilale, mlango uwe pembeni. Muulize kila chombo kinaitwaje na nani alikitengeneza, uandike. Kisha chapa nakala mbili, moja umrudishie.