Asiyekuwapo na Lake Halipo: Habari za Baraza, Ardhi na Fedha za Watu Tangu Mwaka 1925



Desturi ya taarifa yetu ya mwaka ni kutoa hesabu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa na watoto waliolipiwa karo. Safari hii Halmashauri imeona vema kuongeza hesabu ya namna nyingine, nayo ni hesabu ya miaka. Sababu yake ni shauri la kiwanja cha zahanati, ambalo wengi wenu mnalijua. Kiwanja kile kilitolewa na wazee wa zamani kwa mdomo, mbele ya watu, wala hapana aliyekitilia shaka. Tulipokwenda kuomba kijengewe ua, tuliambiwa ya kuwa sehemu yake ina mwenyewe, tena mwenyewe ana karatasi. Sisi hatukuwa nayo. Ndipo vijana wetu wakauliza, "Wazee walikuwa wapi?"

Swali hilo halikuulizwa kwa utovu wa adabu, na lastahili kujibiwa kwa adabu. Katika kurasa hizi twajaribu kulijibu, kwa kueleza jinsi mambo ya soko, shule, barabara na ardhi yalivyokuwa yakiamuliwa katika nchi yetu hii ya magharibi, iliyoitwa zamani Kavirondo ya Kaskazini, na ni nani aliyekuwapo yalipoamuliwa.

Kodi bila baraza

Kodi ilitangulia, baraza likafuata nyuma sana. Kodi ya nyumba ililipwa tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20, na kodi ya kichwa ikaongezwa mwaka 1910. Mlipaji hakuulizwa fedha zake zifanye nini. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mzigo ulizidi, na tarehe 23 Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakataka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, shule ya serikali ijengwe, na watu wapewe hati za ardhi zao. Tazameni, ndugu, jinsi madai yale yalivyokamatana: kodi, shule na ardhi. Wazee wale waliona mapema ya kuwa anayetoa fedha ana haki ya kuuliza juu ya vyote vitatu.

Mwaka 1923 madai hayo yalichukuliwa na Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, ambacho Arkidikoni W. E. Owen alikuwa rais wake. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kuweka miji yao safi. Wako waliocheka wakisema ya kuwa siasa imegeuzwa kuwa kazi ya ufagio. Sisi, tulio chama cha ustawi, hatucheki. Watu wale walijifunza kuweka daftari, kuandika barua kwa serikali na kungoja jibu, na elimu hiyo haikupotea.

Baraza la Wenyeji

Sheria ya mwaka 1924 ndiyo iliyoleta Mabaraza ya Wenyeji, na kuanzia mwaka 1925 yalikutana katika wilaya mbalimbali. Mwenyekiti alikuwa Bwana D.C. mwenyewe. Wajumbe wengine waliteuliwa, wengine walipendekezwa na watu, na machifu walikuwa wengi kati yao. Azimio lisilokubaliwa na wakubwa wa serikali halikuwa na nguvu. Hata hivyo baraza lilipewa jambo moja kubwa: liliweza kutoza kodi yake lenyewe juu ya ile ya serikali, na kuamua fedha hizo zitumiwe kwa nini.

Kwa hiyo mjumbe aliyerudi nyumbani kwa miguu alikuwa na neno la kuwaambia watu wake: shilingi yenu imekwenda katika daraja fulani, au katika zahanati, au katika vitalu vya miti, au katika soko. Lakini katika mambo yote hayo shule ndiyo iliyopendwa kuliko vyote. Mabaraza yalitenga fedha nyingi kwa elimu, mara nyingine kupita vile maofisa walivyotaka, kwa kuwa wazazi walitaka shule iliyo juu ya zile za misheni. Katika miaka hiyo ndipo zilipofunguliwa shule za serikali za Waafrika, ya Kakamega mwaka 1932 na ya Kagumo, karibu na Nyeri, mwaka 1933. Wengi waliochanga hawakujua kusoma, na watoto wao wenyewe hawakupata nafasi ya kuingia. Walichangia watoto wa wenzao.

Dhahabu na ahadi ya mwaka 1930

Sasa twafika mahali panapouma. Mwaka 1930 serikali ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Ilisema ya kuwa ardhi ya riziavu imetengwa kwa matumizi ya wenyeji daima. Ikiwa kipande chochote kitahitajiwa kwa kazi nyingine, kwanza Baraza la Wenyeji lijulishwe, kisha wenyeji wapewe ardhi nyingine iliyo sawa na ile kwa ukubwa na kwa thamani. Watu waliambiwa waitulize mioyo yao, kwa maana jambo limeandikwa.

Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega. Wachimbaji Wazungu walikuja kwa mamia, wakapiga mambo zao katika mashamba ya watu. Ikaonekana ya kuwa hakuna ardhi nyingine ya kuwapa wenyeji, kwani nchi ilikuwa imejaa watu. Basi Desemba 1932 sheria ilibadilishwa kwa haraka. Palipoandikwa ardhi kwa ardhi, pakaruhusiwa malipo ya fedha. Palipoandikwa ya kuwa Baraza la Wenyeji lijulishwe, pakaondolewa sharti hilo. Ahadi ya daima ilidumu miaka 2 tu.

Makelele yalisikika mbali. Arkidikoni Owen na watu wengine walipinga, na mwaka 1933 jambo hilo lilizungumzwa katika Bunge la Uingereza. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita. Dhahabu nayo haikukaa: kufikia miaka ya 1950 uchimbaji mkubwa ulikuwa umekoma, na jina la Rosterman likabaki Kakamega kuwa jina la mtaa.

Wanachama, twaomba mkumbuke habari hii kila mara mnaposema ya kuwa tungekuwa na karatasi tusingepata taabu. Karatasi ilikuwapo mwaka 1932, tena iliandikwa na serikali yenyewe. Kilichokosekana ni sauti ya wenye ardhi mahali palipokatwa neno. Sharti la kwanza kufutwa lilikuwa lile la kuwauliza, na aliyelifuta alijua alifanyalo.

Kupewa na kunyang'anywa

Mwaka 1950 Mabaraza ya Wenyeji yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yenye madaraka makubwa zaidi ya fedha. Uhuru ulipofika mwaka 1963 yalikuja mabaraza ya kaunti, yakakabidhiwa shule za msingi, afya na barabara, na pia ardhi ya amana kwa niaba ya wakaaji wake. Mzigo ulikuwa mkubwa na mfuko mdogo. Kodi haikukusanywa ipasavyo, na katika mahali pengi walimu walikawia kupata mishahara yao. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha kazi hizo, na tangu mwaka 1970 shule za msingi, afya na barabara zilichukuliwa na serikali kuu. Watu wengi walifurahi, kwa sababu mwalimu alilipwa. Hatukutambua upesi ya kuwa pamoja na mzigo tulikuwa tumetoa pia haki ya kuuliza. Mtu aliyetaka kujua kwa nini zahanati haina dawa hakuwa tena na diwani wa kumshika kanzu.

Mabaraza yakabaki na soko, na ardhi. Hapo ndipo ulipo msiba wa kiwanja chetu na viwanja vingi vya nchi hii. Baraza lisilo na kazi kubwa wala fedha za kutosha, lakini lenye ardhi mkononi, liliingia katika majaribu. Tume ya Ndung'u, iliyowekwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi zilizotengwa kwa shule, masoko, hospitali, barabara na hata makaburi zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na ya kuwa mabaraza yenyewe, yaliyokuwa walinzi, yalishiriki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Viwanja vilivyotolewa kwa mdomo ndivyo vilivyokuwa vyepesi kupotea.

Basi wazee walikuwa wapi? Walikuwapo mwaka 1921, na walikuwapo walipochanga kodi ya baraza. Mwaka 1932 walifungiwa mlango. Lakini baada ya mwaka 1970, twasema kwa uchungu, wengi wetu tulikaa nyumbani wenyewe, tukidhani ya kuwa baraza halina tena jambo la maana. Lawama hiyo ni yetu sote, wala Halmashauri haijitoi.

Zamani hizi zetu

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilirudisha sehemu kubwa ya yale yaliyoondoka. Kuanzia uchaguzi wa Machi 2013 zimekuwako kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake. Serikali za kaunti hupewa kwa pamoja sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zahanati na hospitali za kaunti zimerudi kwao, na masoko, na barabara za kaunti, na shule za chekechea. Shule za msingi hazikurudi. Zimebaki kwa serikali kuu. Yafaa mwanachama ajue tofauti hiyo, asije akapeleka shauri la mwalimu wa msingi kwa gavana na shauri la dawa kwa waziri.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba sharti lile lililofutwa mwaka 1932 limeandikwa upya, tena katika Katiba: bunge la kaunti lazima liwashirikishe watu katika kazi zake. Katiba yasema pia ya kuwa ulinzi wa mali haumfuniki mtu aliyepata mali kinyume cha sheria. Na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Jambo lisiloingia katika mpango wa Septemba ni shida kulitafutia fedha Aprili. Wengi wetu huamka Juni, pilau likiwa limekwisha kupakuliwa.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mkutano mkuu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila wadi ichague wanachama wawili, mmoja wao awe mwanamke, wahudhurie mikutano ya mpango na ya makadirio, na watuletee habari kwa maandishi. Pili, wazee wanaokumbuka jinsi viwanja vya shule, soko, zahanati na makaburi vilivyotolewa waketi na vijana wetu, habari zao ziandikwe na kutiwa sahihi, mipaka ipimwe, na maombi ya hati yapelekwe mahali panapohusika. Tatu, shauri la kiwanja cha zahanati liendelee kwa njia ya sheria, bila matusi na bila kuvunja ua wa mtu.

Wazee waliolipa kodi ya baraza walijenga shule ambazo hawakuzisomea. Sisi tulizisomea, na tulipewa pamoja nazo viwanja tulivyoshindwa kuvilinda. Mkutano wa wadi juu ya mpango ujao utakapotangazwa, twaomba viti vya mbele vijae watu wetu, wazee wakitangulia.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama