Sala na Toba: Mjadala wa Neema na Hiari, kutoka Hippo hadi Limuru

Usiku mmoja katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, vijana waliutikisa mti wa mapeasi wakaondoka na mzigo wa matunda. Hawakuwa na njaa. Walionja machache tu, mengi wakawatupia nguruwe. Mmoja wao, Augustino, alikuwa na miaka 16. Alipokuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa Annaba siku hizi, aliusimulia usiku ule katika kitabu chake cha Maungamo, na swali moja likamkaba koo: mtu huibaje kitu asichokihitaji, kwa kuwa wizi wenyewe umemnogea?

Kutokana na swali hilo Augustino alishika msimamo kwamba utashi wa mwanadamu ni mgonjwa, hauwezi kujiponya. Mungu ndiye anayeanza, na hata hamu ya kumtafuta Mungu ni zawadi yake. Ndiyo maana katika Maungamo anamsihi Mungu ampe mwenyewe uwezo wa kutimiza anachoamuru.

Pelagius, mwalimu wa maisha ya kiroho kutoka Britania aliyeishi Roma, alichukizwa alipolisikia ombi hilo likisomwa. Aliwaona Wakristo wakijitetea kwa udhaifu wa mwili huku wakiendelea na dhambi zao. Kwake Mungu mwenye haki haamuru lisilowezekana. Mnamo mwaka 413 alimwandikia barua Demetrias, binti wa ukoo mkubwa wa Kirumi aliyejiweka wakfu kwa Mungu, akimhimiza atambue kwanza nguvu ambayo Muumba ameiweka ndani ya kila mtu. Tukimsoma kwa haki, tutamwona mlezi aliyeogopa kwamba mtu akiambiwa hawezi, hatajaribu.

Baraza la maaskofu huko Palestina lilimwondolea Pelagius hatia mwaka 415, lakini maaskofu wa Afrika waliokutana Carthage mwaka 418 waliyakataa mafundisho yake. Augustino alifariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Katika maandishi yake ya mwisho alisisitiza kwamba waokolewao wamechaguliwa na Mungu tangu awali. Watawa wa kusini mwa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, walishtuka: ikiwa yote yamekwisha kuamuliwa, kuna faida gani kumwonya ndugu anayepotea? Sinodi ya Orange ya mwaka 529 ilijibu kwamba neema hutangulia kila hatua njema ya mwanadamu, lakini ikalaani wazo kwamba Mungu amempangia mtu yeyote kutenda uovu.

Katika karne ya 16 mwanazuoni Erasmus alitetea hiari, na Martin Luther akamjibu mwaka 1525 kwamba utashi wa mwanadamu umefungwa. Ila ni Uholanzi ambako mjadala huu ulimwaga damu. Jacobus Arminius, profesa wa Leiden, alifundisha kwamba Mungu huwachagua wale aliojua tangu mwanzo kuwa wataamini, na kwamba mtu anaweza kuipinga neema. Mwaka 1610, mwaka mmoja baada ya kifo chake, wafuasi wake walitoa hoja tano. Sinodi iliyokutana Dordrecht kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619 ilizikataa zote.

Siasa ilikuwa imekwisha kuingia madhabahuni. Siku chache baada ya sinodi kufungwa, Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mkongwe aliyewakingia kifua wafuasi wa Arminius, alikatwa kichwa akiwa na miaka 71. Mwanasheria Hugo Grotius alifungwa maisha katika ngome ya Loevestein. Mwaka 1621 mkewe, Maria van Reigersberch, alimficha ndani ya sanduku la vitabu, na askari wakalibeba wenyewe hadi nje ya ngome.

Roma ilikuwa imechagua njia nyingine. Mashirika mawili ya kitawa, Wadominiko na Wajesuiti, yalibishana kwa miaka mingi kuhusu namna neema ya Mungu inavyokutana na uhuru wa mtu. Mwaka 1607 Papa Paulo V aliufunga mjadala bila kutoa hukumu, na akakataza upande mmoja kuushutumu mwingine.

Hata marafiki waligawanyika. Mwaka 1739 John Wesley alihubiri mjini Bristol kwamba neema ya Mungu ni kwa watu wote, na George Whitefield akampinga waziwazi. Lakini Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka jijini London.

Urithi huo wa pande mbili umefika kwetu Kenya. Mwaka 1862 Wamethodisti, warithi wa Wesley, walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Baadaye Wapresbiteri wa Scotland walifika Kikuyu, wakiwa na imani inayosisitiza enzi kuu ya Mungu. Chuo cha Mtakatifu Paulo, kilichoanzishwa na Waanglikana huko Freretown mwaka 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930, kilikuja kuwa chuo cha pamoja cha Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri. Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lenye asili ya Uholanzi, nalo likajiunga. Warithi wa Wesley na wa Dordrecht wakakaa darasa moja.

Naamini walikaa pamoja kwa sababu kila upande unalinda jambo ambalo mwamini analifanya kila siku. Anapoomba, anakiri kwamba yote yamo mikononi mwa Mungu. Anapotubu, anakiri kwamba kosa ni lake na kwamba angeweza kutenda vingine. Augustino alifanya yote mawili katika kitabu kimoja: alitubu kwa ajili ya mapeasi yale kama mtu aliyekuwa na hiari, akamshukuru Mungu kama mtu aliyeokotwa njiani. Kanisa linalomnyang'anya mwamini mojawapo ya hayo limemwachia nusu ya imani yake.